Siku Tuliyomhamisha Mkwe

Utoto wangu wote sikuwahi kuyatazama yale maji usoni. Niliyaoga, niliyachota, harufu yake ya mayai viza niliijua nikiwa bado mbali njiani, lakini kuyatazama pale yalipokuwa yakitokota kutoka mwambani, hapana. Watoto wa Itolwa tulifundishwa adabu hiyo kabla ya ishara ya msalaba. Ukifika kwenye jiwe la kwanza unageuka nyuma, unapiga makofi taratibu, unasema, "Tumefika, Mkwe," kisha unaenda kinyumenyume mpaka usikie mvuke mgongoni. Mgeni angetuona angesema kijiji kizima kimerukwa na akili.

Itolwa kilikuwa kijiji kidogo cha mlimani, kusini mwa wilaya ya Mpanda, pale milima inapoliangalia bonde la Rukwa. Mtu akitaka chumvi alishuka, na kupanda tena na huo mfuko wa chumvi ilikuwa kazi ya siku nzima. Wazee walisema mtu wa kwanza kujenga pale alioa binti wa mzimu wa kike mwenye maji, na tangu hapo sisi wote ni wakwe zake. Na kwetu mama mkwe hatazamwi. Mwanamume akikutana naye njiani anaingia porini mpaka apite. Hali naye, hataji jina lake, na kuvua nguo mbele yake ni aibu ambayo hata kuisimulia ni aibu. Basi wanaume walioga chini kwenye mfereji, nyuma ya majani, na sisi wanawake tulioga tumempa mgongo. Padri alikuja kwa pikipiki mara chache kwa mwaka na kutukaripia. Tulimsikiliza kwa heshima zote, akishaondoka tunaendelea na makofi yetu. Bibi yangu alikuwa akimwaga unga wa ulezi juu ya jiwe huku rozari inaning'inia shingoni, wala sikuona vitu hivyo viwili vikigombana.

Maskini baba yangu, Simoni, yeye alikuwa na wakwe wawili. Alikuwa Mfipa aliyekuja kutafuta maisha, akamwoa Mama, akajenga kwenye uwanja wa Bibi, mama mzaa mama. Kwa hiyo alikuwa na Mkwe wa majini, na mwingine wa upande wa pili wa ukuta wa jiko. Bibi na Baba hawakuwahi kutazamana. Walizungumza kwa kupitia kwangu, hata wakiwa karibu kiasi cha kusikiana wakikohoa.

"Apolonia, mwambie baba yako paa la jiko linavuja."

"Apolonia, mwambie bibi yako nimesikia, nitakata nyasi kesho."

Mimi nilisimama katikati, sisemi lolote, maana ujumbe ulikuwa umeshafika. Nilidhani familia zote duniani huzungumza hivyo.

Mama, Yustina jina lake, aliugua magoti tangu alipomzaa mdogo wangu aliyekufa. Magoti yalivimba, vidole vya mikono vikapinda, na asubuhi hakuweza kuinuka mpaka ashikwe. Zahanati walimpa vidonge vyeupe, vile vile walivyompa mwenye homa na mwenye jino. Kilichomsimamisha ni yale maji. Kulipopambazuka nilimwongoza, ameniegemea bega, anaguna kila akikanyaga. Alikaa majini mpaka jua likapanda vizuri, na akitoka alitembea mwenyewe. Alitwanga, alipika, alipalilia kidogo, mpaka jioni magoti yakakaza tena. Ndivyo tulivyoishi. Wenzangu walimwogopa Mkwe, mimi nilimpenda, kwa sababu ndiye aliyenirudishia mama kila siku.

Kisha akaja Injinia Stoyan. Miaka ile ya sabini nchi yetu ilikuwa na marafiki wengi wa mbali, na huyu alitoka Bulgaria, nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia, mwalimu akiwemo. Alikuja na Landrova mpaka barabara ilipoishia, akapanda kwa miguu na wasaidizi na vyombo vya kupimia. Alikuwa mtu mnene, mwenye uso mwekundu na kofia ya majani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Watoto tulimfuata kwa sababu moja: alipokubali jambo alitikisa kichwa kama anayekataa, na alipokataa alikiinamisha kama anayekubali. Alisema ndivyo wafanyavyo kwao. Tuliigiza mchezo ule mpaka tukachapwa.

"Mtu ambaye mdomo wake unakwenda huku na kichwa kule," alisema Bibi, "mimi nitamjuaje?"

Jioni moja alitoa kadi ya posta mfukoni akatuonyesha. Palikuwa na mlima, chini yake mji mdogo wa mapaa mekundu, na jumba jeupe la ghorofa. Mbele ya jumba kulikuwa na bwawa linalofuka mvuke, na ndani yake wazungu wazee wameketi, maji yamewafika kifuani, wanacheka.

"Hapa nyumbani kwangu," alisema. "Zamani mbuzi tu. Mbuzi, baridi, maskini. Maji moto kama hapa hapa. Sasa hoteli. Watu wanatoka mbali, wanaweka miguu ndani, wanapona. Itolwa pia. Wageni wanatazama wanyama kule bondeni, jioni wanakuja hapa, wanaoga."

Mama aliishika ile kadi kwa vidole vyake vilivyopinda na hakuirudisha upesi. Aliwatazama wale wazee majini.

"Na sisi, Bwana Injinia? Sisi tutaoga?"

"Wewe kwanza, mama," alisema, akitikisa kichwa kwa nguvu, na watoto tuliokwisha kujua maana yake tukafurahi.

Bibi alikuwa ameketi kando, akichambua maharage. "Muulizeni," alisema, "maji ya kwao yana mwenyewe?"

Injinia alisema bibi yake mwenyewe alikuwa akifunga vipande vya nguo kwenye mti uliokuwa karibu na maji. Bibi yake huyo alisema mle majini anakaa mwanamke.

"Na sasa yuko wapi?"

"Sasa mti hakuna. Pale mabasi yanasimama."

Bibi aliendelea na maharage yake, na usiku ule hakula.

Siwezi kusema kwamba hatukuitaka hoteli. Tuliitaka sana. Baba aliandikwa kibarua wa kusomba mawe, na kila jioni alirudi na habari mpya: kutakuwa na taa, kutakuwa na barabara mpaka juu, kutakuwa na zahanati ya wageni na sisi tutatibiwa humo. Zamani alipopakia mizigo stesheni ya Mpanda aliwaona wahudumu wa mgahawa wamevaa nguo nyeupe, na tangu hapo nguo ile haikumtoka rohoni. Injinia alimwambia kwamba watahitajika watu wa aina hiyo. Baba akaanza kujifunza. Aliweka sahani ya ugali juu ya kiganja, akazunguka uani na mkono mmoja nyuma, akainama mbele ya Mama na kusema, "Karibu chakula, bibie." Mama alicheka mpaka akashika magoti. Nikikumbuka furaha ya nyumba yetu huwa nakumbuka hiyo, na hakuna nyingine kubwa ya kuishinda.

Operesheni ya kuhamia vijijini ilitufikia kabla ukuta wa kwanza haujafika kiunoni. Viongozi walikuja, wakazungumza vizuri mno. Walituita ndugu wananchi, wakasema tunapelekwa karibu na barabara, karibu na shule, karibu na maendeleo. Mlima utabaki wa mradi na wageni. Mtu mmoja aliuliza huko barabarani kuna maji gani, akajibiwa kwamba suala la maji linashughulikiwa. Tulishuka na mabati ya wachache na kuku wa wengi, tukaanza kujenga kwenye ardhi nyekundu ambayo mvua ikinyesha inateleza na jua likiwaka inapasuka. Maji tulichimba kwenye mchanga wa kijito kilichokauka.

Mama alikaa siku chache bila kuoga. Halafu alishindwa kufunga kanga yake mwenyewe. Asubuhi moja akasema, "Apolonia, twende zetu."

Njia ile niliyozoea kuishuka nikikimbia, siku hiyo tuliipanda mpaka jua likawa utosini. Kuna mahali alitambaa. Sikumsaidia, alinikataza, alisema nikimshika ananiangusha. Tulipofika juu tulikuta uzio wa waya umezunguka mwamba wote, na mlinzi wa kutoka mjini, kijana ambaye hakuwa na ubaya wowote.

"Mama, hapa sasa ni mradi. Siruhusiwi."

"Mwite Bwana Injinia."

"Amesafiri kwenda Dar es Salaam."

"Nitakaa kidogo tu, nakuomba. Hata miguu tu."

"Mama yangu, watanifukuza kazi."

Mama aliketi chini nje ya waya. Kutoka pale mvuke ulionekana, na harufu ilitufikia. Hata akiwa nje ya uzio alikumbuka kugeuka na kumpa Mkwe mgongo. Akapiga makofi, "Tumefika, Mkwe," akakaa hivyo kwa muda. Kisha tukaanza kushuka. Jioni Baba alimbeba sehemu ya mwisho mgongoni, na alipomlaza hakusema neno lolote kuhusu hoteli.

Bibi ndiye aliyesema, akiwa nje ya ukuta.

"Apolonia, mwambie baba yako Mkwe wetu hawezi kubaki kule juu peke yake. Watu watavua nguo mbele yake. Ataona aibu, atakasirika, ataondoka mwenyewe, na akiondoka kwa hasira hatujui atakwenda wapi. Sisi wakwe zake tumehama. Mkwe akikosa watu, wakwe wanamjengea nyumba wanakoishi. Mwambie namleta huku. Akija yeye, maji yanakuja, na Yustina anasimama."

Nilielewa alichokuwa anakifikiria Baba, ingawa nilikuwa mdogo. Akihama Mkwe, hoteli itawaogesha wageni kwa maji gani? Alitazama upande wa kitanda cha Mama.

"Mwambie bibi yako afanye anavyojua," alisema.

Bibi alifinyanga chungu kipya, akakichoma, lakini hakukiruhusu kuona masizi ya jiko. Wanaume walichimba shimo nyuma ya nyumba yetu, wakalijengea kibanda cha nyasi kisicho na dirisha, kidogo lakini nyumba hasa, na mlango wake ukaelekezwa mlimani. Injinia aliporudi safari, Bibi alipanda kumwona. Nilikuwepo. Alimweleza yote kwa Kiswahili chepesi, kama mtu anayemweleza mtoto, na mwisho akasema:

"Leo tunamchukua. Lakini huyu ni mtu mzima, anakwenda polepole. Chungu kinatangulia, mwenyewe anafuata nyuma kwa siku zake. Mpaka mwezi huu ufe na mwingine uandame, nyie msipige kelele huku juu. Msipasue mwamba. Akishtuka akiwa njiani atapotea, hatafika kwetu wala hatarudi kwenu."

"Chungu kimoja tu?" aliuliza Injinia.

"Kimoja."

Akatikisa kichwa. Akatufungulia lango yeye mwenyewe.

Mimi ndiye niliyebeba, kwa sababu chungu kile hubebwa na msichana ambaye hajavunja ungo. Bibi aliingia kinyumenyume, akachota akiwa amegeuka, akafunika kwa jani la mbarika, akanitwika kichwani. Maji yalikuwa ya moto, yalinichoma utosi kupitia kata, na sikuruhusiwa kusema. Nilipotoka langoni, wote waliokuwa pale walinipa mgongo: akina mama wa Itolwa waliopanda kunisindikiza, vibarua na makoleo yao, Baba na jiwe lake mikononi. Nilisikia Injinia anamwuliza Baba jambo, na Baba akamjibu bila kugeuka. Yule mzungu mnene akavua kofia yake, akageukia ukuta wa hoteli, akasimama hivyo mpaka nilipopita. Mpaka leo nikisikia watu wanasema wazungu hawana adabu namkumbuka yeye, nanyamaza.

Nilishuka. Yeyote tuliyekutana naye aliingia porini. Ulikuwa mchana mweupe, ndege wanalia, na nilihisi kabisa, nasema nilivyohisi, kwamba kuna mtu mzima anatembea nyuma yangu. Tulipofika Bibi alimimina maji shimoni kwa mkono wake, tukafunga mlango wa kibanda kwa nje, tukamkaribisha kwa makofi. Mama alikuwa amebebwa na kuketishwa karibu. Aliniuliza kwa kunong'ona, "Bado yana moto?" Nikamwambia ndiyo, mama. Alitabasamu, akafumba macho.

Kila asubuhi Bibi aliingiza mkono kwenye kibanda kinyumenyume akapapasa udongo. Siku za mwanzo alisema kuna unyevu. Baba naye alisema anauona unyevu. Mama aliomba kitanda chake kisogezwe upande ule wa ukuta.

Mwezi ulikuwa bado haujafa tulipousikia mlipuko. Ardhi ilitikisika chini ya miguu, vyungu vya jikoni vikagongana, na kuku wa jirani wakaruka juu ya paa. Ulifuata wa pili. Bibi alikuwa ameinama anafagia. Alibaki ameinama vile vile na fagio mkononi, hakuinuka.

Baba aliporudi jioni alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Alisema amri ilitoka mbali, wakubwa walitaka bwawa liwe kubwa kuliko lilivyochorwa, na baruti imeletwa na watu wengine. Injinia aligombana nao tangu asubuhi, akawatupia hata kofia. Walipolipua, maji yaliruka juu sana, kila mtu akashangilia. Halafu yakapungua. Jioni hiyo yalikuwa yanatiririka kwa unene wa kidole. Baba alikuwa ameyagusa. Yalikuwa vuguvugu.

Kesho yake yalikuwa baridi, na wiki iliyofuata pale palikuwa na mwamba uliopasuka na harufu tu. Nasi huku chini, udongo wa kibandani ulikauka ukawa kama wa mahali pengine popote.

Vibarua walianza kunong'ona kwamba sisi ndio tuliowaibia maji. Waliokuwa upande wetu walisema baruti ndiyo iliyoyaua. Bibi hakuwa upande wowote. Alisema, "Alikuwa njiani. Imempiga akiwa njiani." Alirudia maneno hayo kwa kila aliyekuja, bila kumlaumu mtu, kama anayetoa taarifa ya msiba.

Kuna jambo moja la siku zile ambalo sikuwa nimeliona kamwe maishani. Asubuhi ambayo Mama alishindwa hata kuketi, Baba alitoka ndani, akaupita ukuta wa jiko, akaenda kusimama mbele ya Bibi, uso kwa uso. Mimi nilikuwa katikati kama kawaida, nikawa sina kazi.

"Mama," alimwambia. "Fanya kitu. Nakuomba, mama yangu. Fanya chochote."

Bibi alimtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alijua mkwe wake ana sura gani. Hakujifunika kanga wala hakugeuka.

"Sina, mwanangu," alisema. "Sina tena kitu."

Baba alirudi ndani. Tangu siku ile walizungumza moja kwa moja, wakitazamana, juu ya paa na juu ya kuni, na nyumba yetu ikawa na ukimya ambao sikuuzoea.

Injinia Stoyan alikuja kuaga. Mradi ulikuwa umefungwa na yeye ameitwa Dar es Salaam. Alisimama mbele ya kibanda cha Mkwe muda mrefu akiwa ameshika kofia, kisha akaingia kumwona Mama. Alimwekea ile kadi ya posta mkononi.

"Bwana Injinia," alisema Mama, "maji yatarudi?"

Injinia aliinamisha kichwa mara moja, polepole. Shangazi wa jirani aliyekuwa amekuja kumwangalia Mama akasema, "Umeona, Yustina? Amekubali! Yatarudi!" Mama alimtazama Injinia, akanitazama mimi. Wote watatu tulijua alichosema.

Mama hakusimama tena. Aliishi misimu kadhaa ya mahindi akiwa amelala upande ule wa ukuta, miguu imekunjika na haikunjuki. Tulimkanda kwa maji ya jikoni, lakini kuni zilikuwa mbali na maji yalikuwa ya foleni. Ile kadi aliiweka chini ya mto, na mara nyingine aliitoa akawatazama wale wazee wanaocheka. Aliniuliza kama nadhani wanajua kwamba maji yao yalikuwa ya mtu. Asubuhi aliyofariki aliniita akasema, "Apolonia, geuka. Amefika. Nasikia moto miguuni." Nikamshika nyayo. Zilikuwa baridi kuliko sakafu. Lakini niligeuka, nikampa mgongo, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na nilipogeukia tena upande wake alikuwa ameshakwenda.

Sasa mimi ni mtu mzima, nakaa Shanwe, mjini Mpanda, na nimefanya kazi hospitalini miaka mingi ya kutosha kujua kwamba mwamba ukilipuliwa maji hupata njia nyingine chini kwa chini. Wala sihitaji mtu anieleze. Nilipanda Itolwa mara moja na mwanangu. Kuta za hoteli bado zimesimama kimo cha kiuno, ndani yake imeota miti minene kuliko mwili wangu. Mwanangu alipiga picha, akasema mahali pale pazuri sana kwa watalii. Nilimwambia ndiyo, ni pazuri.

Kinachonikaa rohoni si swali la nani aliyaua maji. Ni kwamba sisi tulifanyiwa vibaya kwa maneno mazuri, tukabebwa kupelekwa pasipo na maji, na papo hapo, kwa mapenzi yetu yote, tukamfanyia Mkwe jambo lile lile. Tulimjengea nyumba, tukampigia makofi, tukamwita aje kwenye udongo mkavu. Hatukumwuliza kama anataka. Na sidhani tungeweza kufanya vingine, na mama yangu amelala pale. Nimejaribu kutafuta mahali ambapo tungegeuza jambo hili likaisha vizuri, sijapaona.

Magoti ya Mama nimeyarithi. Jioni nachemsha maji kwenye sufuria, namimina kwenye beseni, wajukuu wananicheka kwa sababu kabla ya kuingiza miguu nageuza uso pembeni na kupiga makofi. Wananiuliza, "Bibi, unamsalimia nani?" Nawaambia kuna mama mkwe wetu mmoja alipotea njiani, huenda bado anatafuta nyumba. Wanacheka tena. Naingiza miguu, nafumba macho, na kwa muda mfupi nasikia raha. Kisha maji yanapoa, namwita mmoja wao aje kuyamwaga.